Siku Solange Alipoonekana Kwenye Runinga

Ghislaine alifika na mto wake wa kulalia kwapani, kana kwamba nyumba ya mama yake mzazi haina mito, na kabla hata hajavua koti akaanza kunusanusa.

"Wifi, humu mnanuka supu."

"Ni supu," alisema Solange.

"Asubuhi yote hii?"

"Mama anakula mapema. Ukimchelewesha atakukodolea jicho mpaka ujute kuzaliwa."

Ghislaine alikuwa dada wa pekee wa Régis, mume wa Solange. Aliishi Dijon, mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, lakini ungemsikia anavyoilalamikia ile barabara ungedhani kavuka jangwa kwa miguu. Siku hiyo alikuja kumshikia wifi yake zamu, maana Solange na Régis walikuwa wanakwenda Paris kurekodiwa kwenye runinga. Na zamu yenyewe ilikuwa ya mama yao, Bibi Léontine. Mwaka wa tisa huo tangu kiharusi kimlaze upande mmoja, kikamnyang'anya maneno yote na kumwachia moja tu: "Haya." Akitaka maji, haya. Akiumwa, haya. Akimchoka mtu, haya. Na mwanamke huyo mwenye neno moja ndiye aliyekuwa mshabiki namba moja pale mjini kwao Montceau wa kipindi cha "Neno la Mchana", kile ambacho mtu anaoneshwa neno, anampa mwenzake neno lingine moja la kumwongoza, na mwenzake analibahatisha. Mungu naye ana utani wake.

"Maji yake lazima uyatie ule unga yawe mazito," Solange alieleza, "la sivyo atapaliwa. Umgeuze kila baada ya muda, asije akaota vidonda. Muuguzi anapita asubuhi tu, kumwogesha."

"Na mambo ya choo?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Kwani unamwona mtu mwingine humu?"

Ghislaine aliketi, mto bado mkononi. "Sijui unawezaje, wifi. Wallahi mimi ningeshakufa."

Maneno hayo Solange ameyasikia kila Krismasi. Na kila Krismasi, mtu akitaja nyumba ya wazee, huyohuyo Ghislaine hupiga meza na kusema mama yake hafii mikononi mwa watu baki. Nyumba ya wazee ilikuwa ghali, ingebidi nyumba hii ya kota za mgodi iuzwe, na nusu yake siku moja itakuwa ya Ghislaine. Hilo hakuna aliyelisema. Walikuwa watu wenye adabu zao.

Bibi Léontine alikuwa kitini kwake, kiti cha magurudumu, amesogezwa dirishani. Solange alimchana nywele, akampaka mafuta ya midomo. Mama mkwe akaukamata mkono wa ile blauzi mpya ya kijani kwa mkono wake mzima, akakipapasa kitambaa, akainua macho.

"Haya," alisema.

"Naogopa, mama," Solange alimnong'oneza. "Kama bibi harusi."

Bibi kizee akamtikisa ule mkono mara kadhaa, kwa nguvu. Nenda.

*

Waliambiwa waje na nguo za kubadilisha tano kila mmoja. Kumbe vipindi vya wiki nzima vinarekodiwa kwa siku moja. Ukitoka sare, unakimbizwa chumba cha nyuma, unavaa nguo nyingine, unarudi na kusema "habari za leo" kana kwamba ulikwenda kulala. Régis, aliyekuwa na mashati mawili ya maana, aliazima matatu kwa jirani yao Thévenot, na Thévenot ni mwembamba kama fimbo ya ufagio.

"Usipumue sana," Solange alimwambia. "Kifungo kikiruka kitamtoboa mtu jicho."

"Bora kimtoboe mtangazaji. Umeona meno yale? Hayo si yake."

Walicheka. Solange alishangaa kusikia kicheko chake, kilivyokuwa kimekaa siku nyingi bila kutumika. Alikuwa ametoka nyumbani! Alikuwa amepanda treni, amekunywa kahawa aliyotengenezewa na mtu mwingine, na kikombe hakukiosha yeye.

Ukumbini walijaa wazee walioletwa kwa mabasi kutoka mikoani, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti akiwafundisha furaha. "Nikiinua mikono mnapiga makofi! Nikiishusha mnanyamaza! Wewe mama wa nyuma, unasinzia? Utasinzia nyumbani!" Mtangazaji, Fabrice Lormeau, akatokea na meno yake. Kwenye runinga alikuwa mrefu. Hapa alimfikia Solange begani.

Wakacheza, na wakacheza vizuri, maana watu walioishi pamoja tangu ujana wanajuana hata kwa kukohoa. Waliwashinda walimu wawili wa Lyon. Wakawashinda kaka na dada waliovaa fulana zinazofanana, yote ndani ya kipindi kimoja. Mpaka wakafika duru ya mwisho: dakika moja, maneno matano, Solange anaongoza na Régis anabahatisha. Wamesimama wanatazamana, saa kubwa juu yao.

Kadi ya kwanza: KITUNGUU.

"Machozi," alisema Solange.

Régis akakunja uso. "Huzuni... msiba... kitunguu!" Kengele ikalia.

Ya pili: NDOA.

"Pete."

"Aa... kidole... dhahabu... ngoja... ndoa!" Kengele. Wazee wakapiga makofi.

Ya tatu: JELA.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema mwizi. Au kufuli. Au askari. Maneno hayo yote alikuwa nayo, yalijipanga kabisa kwenye ulimi. Lakini saa ilikuwa inakimbia, taa zinawaka moto usoni, na kinywa chake kikafunguka chenyewe.

"Nyumbani."

"Jela," alisema Régis.

Hakuvuta hata pumzi. Alilisema kama mtu anayepokea chenji.

Kengele ikalia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, safari hii bila kuinuliwa mikono. Mtangazaji alijishika mbavu, akajifuta macho yaliyokuwa makavu. Waliyamaliza maneno mawili yaliyobaki, Solange hakumbuki yapi, na karatasi za rangi zikamwagika kutoka darini.

"Solange, Solange! Tuelezeni! Nyumbani ni jela?"

"Ni utani tu," alisema Solange, akicheka kwa midomo. "Anayepika ndiye mfungwa, si mnajua?"

"Na mkuu wa jela ndiye huyu?"

Régis akaweka mkono kifuani, akainama kama mwigizaji. Kifungo kikaruka. Wakacheka tena.

Walikuwa wamejishindia wiki nzima kisiwani Corsica, watu wawili, baharini, chakula kwa gharama ya hoteli.

*

Kwenye treni ya kurudi walikaa muda mrefu wakitazama mashamba. Régis ndiye aliyeanza.

"Mama atafurahi."

"Atafurahi kwa lipi? Kwa Corsica? Nani atakaa naye?"

"Tutatafuta mtu."

"Nani?"

Régis akakuna goti. Treni ikapita daraja.

"Nataka kukuuliza kitu," alisema Solange. "Kwenye kitunguu ulisita."

"Nilikuwa na woga."

"Kwenye ndoa ulisita mpaka nikadhani umesinzia. Ndoa, Régis! Na pete unayo kidoleni."

"Si tulishinda lakini?"

"Kwenye jela hukusita."

Mwanamume akageuzia uso dirishani. Hakukuwa na la kutazama huko, giza la jioni lilishaanza kushuka, na kwenye kioo aliiona sura ya mke wake ikimtazama vilevile.

"Lilinijia tu," alisema.

"Lilitoka wapi?"

"Solange, ulikuwa mchezo."

"Mimi siulizi mchezo. Miaka yote hii nilikuwa najisemea: huyu mume wangu si mtu mbaya, ni vile haoni. Siku akiona, atasema neno. Nilikuvumilia kama mtu anavyomvumilia kipofu." Sauti yake ilikuwa ndogo, kulikuwa na abiria wengine. "Kumbe ulikuwa unaona."

Régis alifungua mfuko, akatoa mkate wa jibini waliobakisha mchana, akaukata vipande viwili. Kipande kikubwa akamnyooshea mke wake.

"Kula," alisema. "Hujala tangu asubuhi."

Na Solange, kwa kuwa alikuwa na njaa kweli, alikula, na machozi yakawa yanadondokea kwenye mkate.

*

Kipindi kilipangiwa kuonyeshwa baada ya miezi kadhaa, na walikuwa wametia saini kutosema matokeo. Régis alitii kwa namna yake. Kwa Thévenot alisema, "Sisemi kitu, lakini nunua miwani ya jua." Kwa mwuza nyama alisema, "Sisemi kitu, lakini bahari ya Corsica wanasema ni ya bluu." Haikupita muda mtaa mzima ukajua.

Solange hakuwaza mtaa. Alimwaza mtu mmoja tu. Kila siku saa sita alimsogeza mama mkwe mbele ya runinga, akamfunga kitambaa shingoni, na yule bibi akakodoa macho kwenye kile kioo, akisubiri siku ya mkwewe. Mtangazaji akijitokeza, Bibi Léontine humgonga Solange kwenye paja. Haya! Leo?

"Bado, mama."

Na huyo ndiye mwanamke aliyewahi kumtetea kwa kila mtu, enzi za maneno yake. Siku Régis alipomleta nyumbani binti wa mpishi wa shule, majirani wakabinua midomo, huyu alitoka barazani akasema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: huyu ni binti yangu sasa, mwenye la kusema aje aniambie mimi. Leo asikie kwenye runinga kwamba nyumba yake ni jela? Na jela bila mlinzi haipo.

Mwisho Solange alijikaza akapiga simu Paris. Akapokea msichana mwenye sauti tamu.

"Nilikuwa naomba kile kipande mkikate, mwanangu. Kile cha neno la tatu."

"La jela? Jamani, mama! Hicho ndicho kitamu kuliko vyote! Tumekiweka kwenye tangazo!"

"Tangazo gani?"

"La kuvutia watazamaji. Litaanza Jumatatu."

Wiki hiyo nzima Solange hakukaa kitako. Alishika rimoti kama askari anavyoshika bunduki. Kila tangazo likitaka kuanza, anabonyeza: mapishi, farasi, mahubiri, chochote. Bibi Léontine alimtazama kwa mshangao, kisha kwa hasira. "Haya! Haya!"

"Macho yangu yanauma na matangazo, mama. Nivumilie."

Usiku mmoja kabla ya siku yenyewe alimwambia Régis: "Kesho tumpeleke kwa daktari saa hizo. Au ukate umeme. Useme fyuzi imeungua."

"Nimeshaalika watu."

"Umefanya nini?"

"Thévenot na mkewe. Na Ghislaine anakuja." Alikuwa anatazama slipa zake. "Mama hasikii vizuri siku hizi, Solange. Hata hatashtuka."

"Mama anasikia mpaka panya akifikiri. Wewe ndiye husikii."

*

Wakaja. Mauricette, mke wa Thévenot, alileta vijiandazi vya jibini. Mumewe alileta divai nyeupe na kulikagua shati lake lililokosa kifungo, ambalo Régis hakuwa amelirudisha. Ghislaine alileta mdomo wake. Bibi Léontine aliwekwa katikati, mstari wa mbele, amevalishwa sweta la sikukuu, na alipomwona Solange kwenye kioo na ile blauzi ya kijani alitoa sauti ambayo haikuwa hata "haya", ilikuwa kama ya mtoto aliyeoneshwa taa.

"Umependeza, shoga!" alisema Mauricette. "Wamekupaka nini usoni? Nami nikapakwe."

"Régis, tumbo limekuwa nene kweli kwenye runinga," alisema Thévenot.

"Ni shati lako."

Solange alikuwa amesimama nyuma, mlangoni mwa jikoni, aproni kiunoni. Alimwona yule Solange wa kwenye kioo akisema "machozi". Akamwona akisema "pete". Akashika fremu ya mlango.

"Nyumbani," alisema yule mwanamke wa kwenye kioo.

"Jela!"

Wakaangua kicheko. Mauricette alipiga mapaja yake. "Umesema kweli tupu, shoga yangu! Hata kwangu ni hivyohivyo!" Thévenot akamwinulia Régis glasi: "Afya yako, mkuu wa jela!" Régis akacheka pia, akijimiminia, divai ikamwagikia meza.

Ghislaine peke yake hakucheka. Alisubiri kicheko kipungue, ndipo akasema, "Kwa hiyo mama yangu ndiye nani hapo? Kufuli?"

Mauricette alitafuna kijiandazi taratibu, kama anayeogopa kisilie. Kwenye runinga makofi yaliendelea, karatasi za rangi zikimwagika, meno ya Lormeau yakimeremeta. Mchezo ulikuwa umefika pale patamu ambapo Bibi Léontine hakuwahi kukubali hata apanguswe mdomo.

Lakini Bibi Léontine hakuwa anatazama runinga. Alikuwa amegeuza shingo, ile shingo ngumu, kwa taabu, mpaka akamwona mkwewe mlangoni. Akamtazama. Alimtazama mikono, aproni, viatu vya ndani vilivyolika upande, kisha uso. Alitazama kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu na kukuta nyumba imezeeka.

"Ni utani, mama," Solange alisema. "Mchezo tu."

Mama mkwe hakusema neno lake.

*

Thévenot na mkewe walikumbuka kwamba wameacha kitu jikoni kwao. Solange alileta supu, akavuta kigoda, akainama na kijiko. Bibi Léontine akafunga mdomo.

"Mama. Itapoa."

Mdomo ulifungwa.

"Umemuumiza," alisema Ghislaine nyuma yao. "Ungekuwa wewe ungekula? Kutangaziwa nchi nzima..."

"Nyamaza, Ghislaine," alisema Régis, lakini kwa sauti ya chini, sauti yake ya siku zote.

Solange alijaribu tena. Yule bibi akausogeza mkono wake mzima, si kwa hasira, akakisukuma kijiko pembeni. Kisha mkono ule ukapita kiunoni kwa Solange, ukapapasa nyuma, ukatafuta. Vidole vilikuwa vikavu na vizito. Vilishika kamba ya aproni vikaivuta. Fundo lilikuwa gumu. Bibi akavuta, akapumzika, akavuta tena, jasho likimtoka juu ya mdomo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia, mpaka fundo likaachia na aproni ikaanguka sakafuni.

Halafu akanyoosha kidole. Kwa Régis.

"Mimi?" alisema Régis.

Kidole hakikushuka.

Régis akakaa kwenye kigoda. Alichota supu nyingi kupita kiasi, ikamwagikia sweta la sikukuu. "Samahani, mama." Akachota tena, na mama yake akafungua mdomo. Karoti ikaning'inia kwenye kidevu na Régis hakujua aifanyeje, mwanamume mzima wa miaka sitini na tisa, kwa hiyo aliipangusa kwa kiganja, na kijiko kilichofuata alikitia huku analia, machozi yakimteremka bila kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Unamwekea haraka mno," alisema Solange. "Mwache ameze kwanza."

Bibi Léontine akamtazama tena, akamwonyesha mlango.

Solange alivaa koti. Ghislaine alimwuliza kitu, hakusikia nini. Akatoka.

Nje kulikuwa na baridi na jua jeupe. Akapita kota zile, zote sawasawa, milango ile ile ya kahawia. Kwa Mauricette pazia lilicheza. Akafika mfereji, akatembea kando yake hatua chache, akarudi, maana alihisi kama mtu atamwuliza anafanya nini hapo. Alitia mkono mfukoni akakuta leso na kibanio cha nguo. Hakuwa na rafiki wa kwenda kumgongea. Wale aliokuwa nao waliacha kumwalika zamani, kwa kumwonea huruma. Duka lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Kanisa nalo lilikuwa limefungwa.

Basi la mji lilisimama mbele yake kituoni, bila yeye kulipungia. Mlango ukafunguka kwa kishindo cha hewa. Dereva alikuwa mwanamke kijana, amefunga skafu nyekundu.

"Unapanda, mama?"

Solange aliweka mguu mmoja juu ya ngazi. "Linakwenda wapi?"

"Stesheni, hospitali, Sanvignes, kisha linarudi." Dereva akamtabasamia. "Wewe unataka kwenda wapi?"

Solange akafungua kinywa. Akatafuta. Alitafuta kweli, kama alivyokuwa akitafuta chini ya zile taa, na safari hii hapakuwa na saa wala mtu wa kumharakisha, basi lilikuwa tupu na dereva ana subira. Alitaja moyoni kila mahali alipowahi kupajua, na kila mahali palikuwa kwa mtu mwingine.

Dereva alipoona hakitoki kitu, alizima injini.

"Hakuna haraka, mama," alisema. "Fikiria tu."

Na Solange akabaki pale, mguu mmoja juu ya ngazi na mmoja barabarani, anafikiria.